Datsun ya Mjomba na Mtihani wa Kuangalia Sura

Haya wadau, nimerudi chuo jana jioni, masikio bado yana vumbi la Magoma. Na nina hasira. Leo msiniulize habari za boom wala TP, leo ni Datsun ya mjomba.

Mnaonijua mnaijua. Datsun 1600 SSS ya mwaka 1971, kabureta mbili, rangi ya chungwa iliyobaki kwenye milango tu. Mjomba aliinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge, akaiendesha mpaka 1996, ikaenda kulala chini ya mwembe. Miaka minne sasa anaifufua na fundi wake. Gari aina hiyo ndiyo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally ya 1970, enzi zile mbio zinapita Kenya, Uganda na huku kwetu. Mwaka uliofuata akashinda tena na Datsun 240Z. Yaani si mkweche wa kuchekwa.

Tatizo, bado ina namba za zamani za TZ. Ili ipate mpya lazima ikaguliwe. Tukaipeleka mjini, ikalala nje kwenye umande, asubuhi mkaguzi akasema iwashwe. Bomba likatoa moshi mweupe. Jamani, injini ya baridi asubuhi ya baridi, ule ni mvuke! Mjomba akamwomba kwa adabu, "Afande, tuiache ipate moto kidogo." Afande hakuinama hata kunusa. "Gari la zamani hili, linachafua mazingira. Kauzeni chuma chakavu."

Wakati anasema hayo ikapita Coaster inamwaga moshi mweusi kama tanuri la mkaa, na stika ya usalama barabarani kwenye kioo. Nilitaka kucheka, nikamwona mjomba uso wake, nikaacha.

Sasa mimi nasomea ualimu. Kwenye kozi ya upimaji tunakaririshwa neno moja mpaka linatutoka puani: uhalali. Mtihani upime kile unachosema unapima. Ukisema unapima hesabu, usimfelishe mtoto kwa sababu shati lake limechanika. Ukisema unapima moshi, pima moshi! Bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mweupe unaokatika injini ikipata moto ni maji. Fundi wa Magoma anajua hilo, na hana cheti.

Nisiwe mnafiki. Nilidhani wenzetu wote wanatumia mashine, kumbe Uingereza gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 nalo hukaguliwa moshi kwa macho. Lakini ni macho yenye kanuni iliyoandikwa: moshi mzito wa bluu au mweusi, sekunde tano mfululizo, injini ikiwa sailensa. Mwenye gari anajua atafelishwa kwa nini. Na toka Mei 2018 gari la miaka zaidi ya 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki hata kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Wajerumani toka 1997 wana namba yenye herufi H kwa gari la miaka 30 lililotunzwa vizuri katika hali yake ya asili. Kwetu uzee wa gari unakumbukwa siku ya kulipa: ukiagiza la zamani unatozwa ushuru wa uchakavu. Kwenye kutoza mnaujua umri, kwenye kutunza hamuujui?

Rumeti wangu anasema ukifungua mlango huo kila mwenye gari bovu ataliita kumbukumbu. Hoja ina uzito, nakubali. Basi wekeni masharti: lisibebe abiria wa kulipa, liwe na breki nzima, vyuma vyake viwe vya asili, lipimwe moshi likiwa limepata moto. Atakayeshindwa ashindwe. Mjomba haombi kupendelewa, anaomba kusahihishiwa karatasi yake na mtu aliyeisoma.

Alhamisi tunarudi. Safari hii tutalizungusha gari kilomita kumi kwanza, na nimeandika ile kanuni ya sekunde tano kwenye karatasi kwa Kiswahili. Mjomba anasema niiache nyumbani, nitamuudhi afande. Nitaiweka mfukoni. Na kama kuna mdau anayejua Tanga nzima nani ana vipuri vya kabureta hizo, aniandikie, moja inavuja.