Sheria huamuliwa mlangoni, kabla ya siku ya kura



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba sheria fulani "imeingia bungeni". Akaniuliza: "Pasta, imeshapita? Tuombe, ama tumeshachelewa?" Nilimjibu kwamba kuingia siyo kupita. Akauliza tena: "Sasa kama haijapita, iko wapi?" Hapo nilikosa jibu zuri. Nilisoma teolojia miaka mingi, lakini kuhusu safari ya sheria katika nchi yangu nilijua mwanzo na mwisho tu. Katikati palikuwa giza.

Giza hilo limetugharimu. Miaka michache iliyopita, sisi wachungaji wa parokia kadhaa tulikaa usiku mbili kuandika barua kwa wadepute wetu juu ya andiko moja lililotusumbua. Barua ilikuwa nzuri, yenye mistari ya Biblia na sahihi nyingi. Tulijibiwa kwa heshima kwamba andiko lilikwisha kupigiwa kura. Tulikuwa tumegonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishafunga na kulala.

Kwa hiyo leo ninataka tutembee pamoja katika hiyo njia ya katikati, kwa sababu ndiko sheria nyingi zinapona au zinakufa.

Nani anaweza kuleta sheria?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 130, inasema kwamba haki ya kuanzisha sheria ni ya serikali, ya kila depute na ya kila seneta. Tusisome haraka neno "kila". Siyo lazima mtu awe mkubwa wa chama, wala kiongozi wa wengi bungeni. Katika wadepute 500 wa Bunge la Taifa, mmoja peke yake anaweza kuandika andiko na kuliweka mezani.

Maandiko ni ya aina mbili. Likitoka serikalini, baada ya kukubaliwa katika Baraza la Mawaziri, tunaliita mswada wa serikali. Likitoka kwa depute au seneta, ni pendekezo la sheria. Pendekezo lina sharti la ziada: kabla halijajadiliwa, linatumwa kwa serikali ili itoe maoni yake ndani ya siku 15. Siku hizo zikiisha, Bunge linaweza kuendelea hata kama serikali imenyamaza. Tena, mbunge akileta jambo linaloongeza matumizi ya leta au kupunguza mapato yake, ni lazima aonyeshe pesa za kuziba pengo zitatoka wapi. Bila hiyo, pendekezo halipokelewi. Mapendekezo mengi yenye nia nzuri yamekwama hapo: yanaahidi hospitali na barabara, lakini mfuko hayauonyeshi.

Kutoka biro mpaka komisyo

Andiko linawekwa kwenye biro ya Bunge, yaani kwa rais wa Bunge na wenzake wanaoongoza kazi. Biro ndiyo inayoligawa kwa wabunge na kulitafutia nafasi katika kalenda ya kikao. Hapo ndipo mlango wa kwanza. Andiko ambalo halipati siku linabaki katika kabati, na hakuna mtu anayelazimika kusema "hapana" waziwazi.

Likipata siku, mwenye andiko analieleza mbele ya wabunge wote. Wanajadili kwa ujumla, kisha wanapiga kura ya kwanza: je, linapokelewa? Wengi wetu tukisikia habari ya kura hiyo kwenye redio tunadhani mambo yamekwisha. Sivyo. Kulipokea andiko maana yake ni kukubali tu kulifanyia kazi. Ndipo linatumwa kwenye komisyo.

Komisyo ni kikundi cha wabunge wanaoshughulikia eneo moja la kazi. Kuna ya siasa, utawala na sheria, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PAJ. Kuna ya uchumi na fedha, ECOFIN. Kuna ya ulinzi na usalama, ya mazingira na mali ya asili, ya mambo ya jamii na utamaduni, na nyingine. Huko watu wachache wanakaa mezani na kusoma kifungu kwa kifungu. Wanafuta, wanaongeza, wanabadilisha neno "anaweza" kuwa "lazima". Wanaweza kuwasikiliza watu wanaolijua jambo. Kisha wanaandika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo wabunge wote wanairudia kabla ya kura ya mwisho. Baada ya hapo andiko linakwenda Seneti na kuanza njia kama hiyo.

Ndiyo maana swali la "limetumwa komisyo gani?" si la makarani tu. Chukua andiko juu ya ardhi ya kijiji kilicho karibu na mgodi. Likienda kwa watu wa mazingira na mali ya asili, wataliangalia kwa jicho la msitu na madini. Likienda PAJ, wataliangalia kwa jicho la haki na hati. Likienda ECOFIN, swali la kwanza litakuwa kodi. Andiko ni lilelile, lakini wanaolisoma wanatafuta vitu tofauti.

Mwaka 2020 ulitufundisha nini?

Wengi mnakumbuka mwezi wa Juni 2020. Wadepute wawili, Aubin Minaku na Garry Sakata, walikuwa wameleta mapendekezo matatu ya kubadilisha sheria za mahakama. Waliopinga walisema yangempa waziri wa sheria mkono mrefu juu ya waendesha mashtaka. Watu walijaa barabarani Kinshasa na miji mingine, na viongozi wa makanisa wakasema pia.

Katika habari ile kulikuwa na jambo moja dogo ambalo wengi walipita juu yake. Tarehe 27 Juni, waziri wa sheria, Célestin Tunda Ya Kasende, alikamatwa kwa saa kadhaa. Alilaumiwa kwamba alipeleka Bungeni maoni ya serikali juu ya mapendekezo yale bila wenzake serikalini kukubaliana. Tarehe 11 Julai alijiuzulu. Maoni hayo ni yaleyale ya siku 15 tuliyoyataja juu! Hatua ambayo wengi wetu hatukujua hata kama ipo ilitikisa serikali nzima ya muungano.

Mapendekezo yale hayakuwa sheria. Sitaki kusema kwamba kelele za barabarani ndizo njia ya Mkristo kila mara, wengine waliumia. Ninachosema ni kwamba walioyapinga walisimama mapema, andiko likiwa bado njiani. Laiti wangengoja kura ya mwisho, wangeandika barua kama ile yetu.

Kuna maandiko yanayokaa njiani. Mwezi wa Julai 2021, depute Nsingi Pululu aliweka mezani pendekezo linalotokana na wazo la Noël Tshiani: urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya watu waliozaliwa na baba na mama Wakongomani. Huku kwetu mpakani, ambako ndoa zimevuka mito na milima tangu zamani, familia nyingi zililala na wasiwasi. Mwaka 2023 lilitajwa katika kalenda ya kikao, lakini halikupitishwa. Muda wote huo lilitumika katika mikutano ya siasa kutisha hawa na kufurahisha wale. Andiko linalolala katika kabati linaweza bado kugawanya watu kanisani.

Na kuna yanayofika kwa uvumilivu. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za ndugu zetu Wambuti na Watwa. Ilipita Bunge la Taifa mwaka 2021 na Seneti mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2022, tarehe 26 Desemba, ilitolewa sheria namba 22/065 juu ya ulinzi na malipo kwa wahanga wa ubakaji wa vitani na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu. Hizi ni sheria zinazogusa watu wanaokaa kwenye viti vyetu kila Jumapili. Je, ni makanisa mangapi ya mashariki yaliwahi kuzisoma?

Sisi wa mashariki, nani anatubebea?

Hapa ndipo moyo wangu unauma. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, hali ya kuzingirwa iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 iliweka kando mabunge ya majimbo pamoja na magavana wa kiraia. Bunge la jimbo ndilo linalotunga edi, yaani sheria za jimbo, juu ya mambo kama kodi za jimbo. Likinyamazishwa, mlango ulio karibu zaidi na raia unafungwa.

Kisha angalieni tofauti. Kifungu cha 144 cha Katiba kinataka hali hiyo iongezewe muda kwa idhini ya Bunge la Taifa na Seneti, siku 15 kwa siku 15. Maandiko ya kuongeza muda yaliingia na kutoka Bungeni mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kumbe Bunge linajua kwenda mbio! Swali ni andiko la nani linapewa njia ya mkato, na la nani linaambiwa lingoje.

Tena, katika uchaguzi wa Desemba 2023, watu wa teritware za Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Wale wandugu, ambao wengi wao wako kambini, hawakupata nafasi ya kumchagua mtu wa kuweka maneno yao mezani. Kwa hiyo depute wa Beni, wa Bunia, wa Fizi, wa Kalemie anapaswa kujua kwamba anawabeba hata wasiomchagua. Na sisi makanisa tunapaswa kumkumbusha.

Mabinti watano mlangoni pa hema

Katika Hesabu sura ya 27 tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto mwanamume, na desturi ingewaacha bila urithi. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Walileta jambo moja, kwa maneno machache yanayoeleweka, kabla ardhi haijagawanywa. Musa hakulijibu kwa akili yake. Alilipeleka mbele za Bwana. Na sheria ikabadilika, kwa ajili yao na kwa ajili ya Israeli wote.

Habari haikuishia pale. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo walileta upande wao, na sheria ikaongezewa sharti. Hivyo hata katika Neno la Mungu, jambo linaletwa, linapelekwa kwa anayestahili, linasikilizwa na kurekebishwa. Mabinti wale wangengoja mpaka mipaka ichorwe, wangelilia shamba la mtu mwingine.

Tufanye nini?

Kwanza, kila parokia ijue majina ya wadepute wake na komisyo wanazokaa. Depute wako akiwa katika komisyo inayoshika andiko, neno moja kwake lina uzito kuliko barua kumi kwa rais wa Bunge.

Pili, tujue majira. Vikao vya kawaida ni viwili: kutoka tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, na kutoka 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Kile cha Septemba kinamezwa na bajeti. Mwenye jambo lingine alitayarishe mapema kwa ajili ya Machi, na akutane na depute wakati wa likizo, anaporudi nyumbani.

Tatu, tutumie kifungu cha 27 cha Katiba. Kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi halina nguvu ya pendekezo la sheria, lakini linamdai mtu jibu, na depute mmoja anaweza kulichukua na kuligeuza kuwa pendekezo.

Nne, tudai sheria katika lugha yetu. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Mama wa kwaya hana kosa kwa kutoelewa maneno ambayo hakuletewa.

Siku hizi tunapoombea viongozi, sisemi tena tu "Bwana, ubariki wabunge wetu". Tunataja andiko liko wapi: mezani pa biro, kwenye komisyo, au Seneti. Na yule mama akiniuliza kama tumechelewa, ninaweza kumwonyesha mlango uliobaki wazi.

Bwana atupe macho ya kuona mapema na midomo ya kusema kwa wakati. Amina.