Mvua ya Njombe, maji ya Mbwera

Nimeadimika kidogo, mnisamehe. Nilikuwa deltani Rufiji, kule Mbwera, wilaya ya Kibiti, ambako ukishapanda boti Nyamisati unaagana na barabara na kubaki na mikoko kushoto na kulia.

Mzee mmoja mkulima wa mpunga alinikaribisha kwenye dungu lake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama huwa anasikiliza utabiri wa hali ya hewa. Akacheka.

"Nasikiliza sana, mwanangu. Ila mvua ya hapa haijawahi kunitoa shambani. Kinachonitoa ni maji ya wenzetu wa juu."

Nilidhani ni utani wa kizee. Niliporudi Dar nikaanza kupekua, nikagundua kwamba aliyekuwa anahitaji shule ni mimi.

Hebu tazama. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hufuata maeneo na misimu yake. Mkoa wa Pwani una vuli na masika, kwa hiyo unawekwa pamoja na Dar es Salaam, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba. Iringa, Njombe, Mbeya na kusini mwa Morogoro wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na utabiri wao hutoka kivyake. Kwa anayepanda mahindi Mkuranga mpangilio huo hauna neno. Lakini mto Rufiji haujui mipaka ya mikoa. Unakusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu. Kwa hiyo mkulima wa Mbwera anasikiliza habari za wingu lililo juu ya kichwa chake, wakati maji yatakayoamua mavuno yake yanatajwa kwenye taarifa ya watu wa Njombe!

Na hilo wingu la kichwani nalo lina mambo yake. Mwaka 2005 Agnes Kijazi, ambaye baadaye aliiongoza TMA kwa miaka mingi, na Chris Reason wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha utafiti kuhusu mvua za pwani ya Tanzania na El Niño. Walionyesha kwamba mwaka wa El Niño upepo wa mashariki juu ya Bahari ya Hindi huleta unyevu mwingi zaidi kwetu, na pwani ya kaskazini huloa. Ukishuka pwani ya kusini uhusiano huo unalegea, kwa sababu huko ni mpito kati ya Afrika Mashariki inayoloa na kusini mwa Afrika inayokauka. Delta iko katikati ya pwani yetu. Sasa mtu wa hapo akisikia neno "El Niño" tu, ashike lipi?

Aprili 2024 wote tuliona. Mto ulifurika, Rufiji na Kibiti zikapata mafuriko makubwa, na sisi wa mjini tukabaki kubishana: ni Bwawa la Julius Nyerere au si bwawa? Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia, ng'ambo tu ya delta. Mto nyuma, bahari mbele.

Msidhani watu wa delta wanayachukia mafuriko. Maji baridi ndiyo yanayosukuma chumvi itoke kwenye majaruba. Yakiwa machache mpunga unaungua na chumvi, yakizidi unazama. Wanachohitaji ni kujua mapema.

Mfano wa njia upo. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Rungwe na Kilolo, wakiwauliza wakulima wanavyotabiri mvua kwa kutazama miti, ndege na wadudu. Huyo ndiye mwanasayansi aliyechaguliwa Julai 2023 kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Kama msomi wa kiwango hicho alikaa na wazee wa Kilolo, ambako maji yake hushuka Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, nani amekaa na wazee wa huku yanakoishia?

Pendekezo langu ni dogo. TMA, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na wanaosimamia bwawa watoe taarifa moja ya mto mzima, isomwe redioni kwa Kiswahili cha kawaida: huko juu imenyesha hivi, bwawani yapo haya, bahari iko hivi, deltani tegemeeni maji siku fulani. "Juu ya wastani" haimwambii mzee ahamishe mbegu zake lini.

Tukishazoea utabiri unaofuata mto, nitarudi Mbwera. Safari hii nitasikiliza kwanza, maswali baadaye.