Bomba la dawa lisioshewe bwawani

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayesubiri nyanya mpakani Kasesya, leo tuongee kuhusu maji ya bonde.

Kiangazi bonde ndiyo benki yetu. Maharage yameshauzwa, ada ya shule inatoka kwenye kabichi na vitunguu. Kwa hiyo kila mwaka bustani zinasogelea maji, mpaka mwingine anapanda palepale ng'ombe walipokuwa wakinywea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wengi wetu huisikia siku ya kufukuzwa. Mimi siungi mkono kung'oa nyanya za mtu zikiwa na maua. Mipaka ipimwe kwa kamba mwezi Mei, kabla ya vitalu, serikali ya kijiji na wakulima wakiwa pamoja.

Ila kuosha bomba la kupulizia bwawani sina huruma nako hata kidogo. Dawa nyingi za wadudu tunazonunua madukani, hasa jamii ya pairethroidi, huua samaki hata zikiwa kidogo sana majini. Viluwiluwi na kereng'ende hufa nao, na hao ndio watakaokula wadudu wa bustani yako kesho. Korongo taji anayeokota panzi bondeni naye hayuko salama. Halafu jioni mtoto anakuja na ndoo hapohapo!

Perege wakielea, wapo wanaowaokota na kuwapeleka sokoni. Mchuuzi, samaki ambaye hujui amevuliwaje usimnunue, hata kwa bei ya kutupa.

Chota maji kwa ndoo safi, changanya dawa shambani, mbali na ukingo. Ukimaliza, suuza bomba mara tatu na maji hayo yapulizie shamba lilelile. Kopo tupu lisuuze vivyo hivyo, litoboe, lisiende nyumbani kuwekea mafuta. Matete ya ukingoni yaache, yanazuia udongo usijaze bwawa. Na ng'ombe wajengewe birika chini ya tuta, maji yafike kwa bomba, wasiingie bwawani kwa miguu. Saruji ya birika moja kijiji kinaweza kuchangishana baada ya mavuno.