Usivunje kasha la sarafu kwa haraka ya mnunuzi

KILA bei ya dhahabu inapopanda, sarafu za zamani nazo huanza kutafutwa. Mwenye sarafu iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki hukabiliwa na swali moja: je, alivunje kasha hilo ili mnunuzi aishike na kuipima?

Nionavyo mimi, jibu la kwanza liwe hapana. Mara nyingi mwenye haraka ya kuvunja kasha ni mnunuzi, lakini mwenye kubaki na hasara ni muuzaji.

Tuchukue mfano wa sarafu ya hapa kwetu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja ina tai, upande wa pili ina tembo na nyuma yake Mlima Kilimanjaro.

Zilitengenezwa zipatazo 16,000 tu. Kila moja ina uzito wa takriban gramu 7.2, na dhahabu halisi iliyomo ni kama gramu 5.4.

Sonara anayetaka kuyeyusha atakulipa hizo gramu 5.4. Mkusanyaji wa sarafu atalipa mara kadhaa zaidi, iwapo ni halisi na haijachubuka. Tofauti hiyo ya bei inatokana na uso wa sarafu, na uthibitisho kwamba si ya bandia, maana za kughushi zipo.

Hapo ndipo kasha linapopata thamani yake. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC, zilizoanza kazi hiyo katika miaka ya 1980, hukagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifunga ndani ya kasha gumu lenye lebo na namba. Kasha hilo huunganishwa kwa namna ambayo ukilifungua, alama hubaki.

Mkulima analielewa jambo hili vizuri. Mfuko wa mbegu zilizothibitishwa ukishakatwa, hata kama mbegu ni zile zile, nani atakubali kuununua kwa bei ya dukani? Sarafu nayo ikitoka kwenye kasha, daraja lake limekwisha. Kulipata tena ni kuituma nje, kulipa ada na gharama za usafiri, na hakuna ahadi kwamba itarudi na daraja lile lile.

Mnunuzi mwenye shaka anayo njia nyingine. Namba iliyo kwenye lebo inaweza kuhakikiwa bure katika tovuti ya kampuni husika, na kwa sarafu nyingi picha yake ipo pale. Alinganishe picha hiyo na sarafu iliyo mkononi, kila alama na kila mkwaruzo, kwa sababu hata makasha yenyewe siku hizi hughushiwa. Asiyetaka kufanya hivyo, na bado anashikilia kwamba lazima uvunje, mwache aende zake.

Hata hivyo, sisemi plastiki isiguswe kamwe. Zipo plastiki zinazoharibu sarafu. Vifuko laini vya PVC, hasa vikikaa miaka mingi penye joto na unyevu kama wa pwani, hutoa utando wa kijani unaonata na kula shaba na fedha. Sarafu iliyomo humo itolewe mapema iwezekanavyo.

Usiivute kwa nguvu. Kata kifuko pembeni kwa mkasi, mbali na sarafu, kisha ufunue plastiki pande zote mbili. Utando ukiwa umeganda, loweka sarafu katika asetoni safi ndani ya chombo cha glasi, mahali penye hewa na mbali kabisa na moto. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwani nyingi zimechanganywa na vitu vingine.

Kwa vile vikadi vyenye kidirisha cha plastiki, adui ni pini za stepla. Toa pini zote kwanza, moja baada ya nyingine, ndipo ufungue kadi. Pini moja iliyobaki inatosha kuchora mstari kwenye uso wa sarafu, na mstari huo haufutiki.

Likija suala la kasha gumu, pengine kwa sababu kweli unataka sarafu ikaguliwe upya, weka nyundo na bisibisi kando. Nyundo huirusha sarafu, na bisibisi ikiteleza huichana. Vaa miwani ya kukinga macho, tandika taulo mezani, kisha tumia koleo la kukatia waya kubana pembe za kasha, zile zilizo mbali zaidi na sarafu. Plastiki ikianza kupasuka kwenye maungio, itenganishe taratibu kwa mikono. Usitumie moto wala maji ya moto.

Sarafu ikitoka, ishike kwa ukingo tu, kwa vidole viwili, na uiweke kwenye kasha jipya lisilo na PVC. Lebo ya zamani itunze, ingawa haiwezi tena kuwa hati ya sarafu hiyo.

Jambo la mwisho ni kusafisha. Ndimu, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba vimewakosesha watu fedha nyingi kuliko wezi. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa hushuka bei papo hapo, na mkusanyaji huijua mara tu akiitazama.

Wafanyabiashara wetu wamezoea kulalamika kwamba bei hupangwa na wanunuzi. Kwa sarafu iliyofungwa na kuthibitishwa, angalau mara hii muuzaji anakuja mezani na uthibitisho wake mkononi. Asiutupe kwa kumridhisha mtu aliyekuja na mzani mfukoni. Kama ni lazima kasha livunjwe, mnunuzi alipe kwanza bei kamili, kisha avunje mwenyewe.