Kibanda Umiza Nacho ni Uwanja

Juni 13, 2020 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilirudi. Yanga ikaifunga Mwadui bao 1-0 kule Shinyanga, na watu wakashangilia kana kwamba vita imeisha. Juni 28 Simba ikatoka suluhu na Tanzania Prisons pale Sokoine, Mbeya, ikawa bingwa. Julai 12 ikaichapa Yanga 4-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mpira ulirudi kweli kweli. Swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza ni hili: ulirudi kwa hesabu ya nani?

Niseme msimamo wangu mapema. Msimu ule haukupaswa kurudi namna ile. Na siku likija gonjwa jingine, maana litakuja, tusikubali urudi namna ile tena.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tulikuwa na mahali pazuri pa kutazamia jambo hili. Simama juu ya vilima vya Kyerwa: kaskazini Uganda, magharibi Rwanda, katikati mto Kagera. Mei 2020 Uganda iliufunga msimu wake ikawapa Vipers ubingwa. Rwanda nayo ikafunga, ikawapa APR. Kenya ilikuwa imetangulia kuwavika taji Gor Mahia. Mto ule ule, gonjwa lile lile, na sisi tukaenda njia yetu.

Kwenda njia yako si kosa. Nchi ina haki ya kuamua tofauti na jirani. Lakini anayeamua tofauti aweke hesabu mezani, na sisi meza ilikuwa tupu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, kesho yake Waziri Mkuu akasimamisha michezo. Mpaka hapo tulijua kwa nini tunafunga. Mwishoni mwa Aprili takwimu za kitaifa zikakoma kutolewa. Dunia ikabaki na wagonjwa 509 na vifo 21, namba zilizoganda palepale kwa zaidi ya mwaka. Ligi ikarejea wiki sita na ushee baada ya ukimya huo kuanza. Tulifunga tukiwa tunahesabu, tukafungua tukiwa tumeacha kuhesabu.

Utaniambia Ujerumani nao walirudi, tena mapema, Mei 16. Waingereza wakafuata Juni 17. Ni kweli. Walipima wachezaji mara kwa mara, wakacheza mbele ya viti vitupu, na idadi ya wagonjwa ilitangazwa kila siku. Sisi tulichukua ratiba, masharti tukayaacha.

Na hata masharti yao, tungeyachukua yote, yasingetutosha. Kayanga haina timu ya Ligi Kuu. Uwanja wa ligi uliokuwa karibu nasi ni Kaitaba, Bukoba, nyumbani kwa Kagera Sugar, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Mtu wa Omurushaka, Nkwenda au Murongo haendi uwanjani. Anakwenda kibanda umiza. Wewe unakijua: bati juu, mabenchi yamebanana, dirisha limezibwa na gunia ili mwanga usiharibu picha. Kinachofanya picha ionekane vizuri ndicho kinachofanya hewa isitembee. Bao likiingia, watu sabini wanapiga kelele kwa pamoja ndani ya chumba kimoja. Ukipanga kueneza ugonjwa wa njia ya hewa, hutapata jengo linalofaa zaidi ya hilo.

Kwa hiyo ule mjadala wa viwanja kufungwa au kufunguliwa ulikuwa mjadala wa watu wa mjini. Ukizuia mashabiki uwanjani huku mechi inarushwa, kwetu hujazuia kitu. Nani alikwenda kuwaambia wenye vibanda watoe gunia dirishani? Nani aliwahesabu kama sehemu ya ligi? Hakuna, kwa sababu kwa wanaopanga ratiba, shabiki wa Kyerwa ni namba ya king'amuzi tu.

Hoja nzito ya upande wa pili ninaiheshimu. Mchezaji wa timu ndogo anaishi kwa mshahara, na mechi zisipochezwa hata huo unayumba. Mwenye kibanda ana watoto. Mama anayekaanga mihogo mlangoni naye anategemea kipenga cha saa kumi. Na watu walihitaji kufurahi. Hofu ilikuwa imewachosha. Yote ni kweli. Ila hoja hiyo inadai fidia, mkopo nafuu, au mfuko wa dharura kutoka kwenye fedha za haki za matangazo. Haidai ukimya. Anayesema maskini lazima achague kati ya njaa na pumzi yake amemnyima njia ya tatu makusudi.

Huku kwetu tunalo neno: butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anavuna mali ya mwingine. Kila mtu anaulaani butura, vyama vya ushirika vimeupigia kelele miaka na miaka. Juni 2020, kahawa ikiwa inavunwa, tuliuza afya yetu kwa butura, na faida ikavunwa mbali na hapa.

Je, tungeweza kufanya vingine? Mkoa huu huu umejibu. Machi 21, 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini. Wagonjwa walihesabiwa, waliokutana nao wakafuatiliwa nyumba kwa nyumba, vifo sita vikatajwa hadharani. Siku 42 zikahesabiwa, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kuisha. Sasa linganisha na Biharamulo, Januari 2025: Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari tarehe 14, serikali ikakanusha, na tarehe 20 Rais akathibitisha. Kati ya tahadhari na kweli zilipita siku sita. Kwa mtu wa mpakani, siku sita ni magulio na misiba ya kutosha.

Basi tudai mambo matatu kabla ya gonjwa lijalo. Kwanza, ligi isirudi siku ambayo takwimu hazitolewi. Zikikoma, kipenga nacho kikome. Pili, kibanda umiza kihesabiwe kuwa uwanja: kiwe na idadi ya watu, madirisha wazi, na mechi za nje ya chumba inapowezekana. Tatu, fedha za matangazo zitengewe fungu la kuwalipa wachezaji na wenye vibanda wakati wa kufunga.

Wanaoupenda mpira ndio wa kwanza kudai haya. Anayekuambia kudai hesabu ni kuuchukia mpira, muulize tu: mara ya mwisho aliingia lini kibanda cha Nkwenda siku ya Simba na Yanga?