Roboti za Kucheza na Watoto: Mzazi wa Majengo Aulize Nini Kabla ya Kununua

Video za roboti ndogo zinazocheza muziki na kuzungumza na watoto humfikia kwa simu mkazi wa Kata ya Majengo, Manispaa ya Mpanda, sawa na mkazi wa Dar es Salaam. Kinachomfikia kwa nadra ni maelezo ya namna zinavyofanya kazi.

Mfano unaofahamika ni Keepon, iliyobuniwa nchini Japani na Hideki Kozima. Ina umbo la mipira miwili ya manjano iliyopandana; macho yake ni kamera na pua yake ni kipaza sauti. Ilitumika katika utafiti wa mawasiliano ya watoto wenye usonji, na mwaka 2007 ilijulikana duniani kwa kucheza ikifuata mdundo. Huyumba, hunesa na kumtazama mtoto, basi. Uchache huo wa matendo ndio uliowapa utulivu watoto wanaolemewa na sura za watu wazima.

Roboti zilizofuata zilipewa uwezo wa kuzungumza, na hapo ndipo gharama ilipojificha. Nyingi hazifikirii zenyewe. Sauti ya mtoto hutumwa kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, na jibu hurudi. Kompyuta hizo zikizimwa, roboti hunyamaza. Mwaka 2019 roboti Jibo ya Marekani iliwaaga wamiliki wake kwa maneno yake yenyewe. Desemba 2024 kampuni iliyotengeneza Moxie, roboti ya watoto iliyouzwa kwa mamia ya dola, ilitangaza kufunga shughuli, na wazazi wakabaki na kazi ya kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake hatajibu tena.

Lipo pia suala la faragha. Februari 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere Cayla, ikimhesabu kuwa kifaa cha siri cha kunasa mazungumzo. Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo sauti ya mtoto wa Mpanda si mali ya muuza kifaa.

Tanzania ina uzoefu wake, na haukuhitaji kifaa chenye macho. Katika jaribio la Global Learning XPRIZE mkoani Tanga, lililoihusisha Serikali, UNESCO na WFP, takriban watoto 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa Mei 2019 wakagawana dola milioni 10. Jambo lililozungumzwa kidogo kuliko fedha hizo lina uzito zaidi: programu hizo ziliwekwa wazi kwa yeyote kuzitumia, hivyo uhai wake hautegemei duka moja la ng'ambo.

Kwa Katavi, mkoa uliotegemea kwa miaka mingi majenereta ya dizeli kupata umeme, maswali kwa muuzaji ni ya kawaida kabisa. Je, kifaa kinafanya kazi bila intaneti? Kinaelewa Kiswahili cha mtoto wa miaka mitano? Sauti yake inahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuifuta? Muuzaji asiye na majibu hayo anauza mwanasesere kwa bei ya kompyuta.