Kunguni wa Eastlands ni Shauri Letu Pia



Huenda mtu akauliza: gazeti la wakulima lina haja gani na kunguni wa Nairobi? Kunguni hali mahindi, wala hapunguzi maziwa. Lakini mimi nasema shauri hili ni letu, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu katika skimu mna watoto wanaofanya kazi Nairobi, nao wamepanga vyumba Kaloleni, Jericho, Umoja, Dandora au Kayole, na kila Desemba huja nyumbani na mizigo yao. Pili, baadhi ya sumu wanazomwagia vitanda vyao hutoka kwetu shambani. Sababu hii ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe kosa moja. Watu husema kunguni huletwa na uchafu. Si kweli. Chakula cha kunguni ni damu tu, naye haulizi kama mwenye damu ameoga. Mwaka 2023 jiji la Paris lilijaa kelele za kunguni, katika mahoteli, majumba ya sinema na magari ya moshi. Nyumba iliyojaa vitu ovyo humpa mahali pengi pa kujificha, lakini hata mama anayedeki kila asubuhi aweza kuwa naye. Basi, kwa nini mdudu huyu aliyekuwa amepungua amerudi kwa nguvu?

Sababu ya kwanza ni kwamba amezizoea dawa. Baada ya vita vya 1939–45, DDT ilisifiwa duniani kote kuwa mwisho wa kunguni. Lakini mwaka 1947 tu, kule Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haikuwaua tena. Ikaja zamu ya pareto, ua mnalolijua vizuri ninyi wa Kinangop na Molo, ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa kulilima. Sumu ya ua hilo huharibiwa upesi na jua, kwa hiyo wataalamu wakaunda viwandani dawa za kuliiga ambazo hudumu zaidi. Mojawapo ni permethrini, iliyotangazwa mwaka 1973. Dawa za jamii hiyo ndizo zilizomo katika mikebe mingi ya kupuliza nyumbani na katika vyandarua vya mbu. Kunguni naye amelala nazo chumba kimoja miaka mingi. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha uchunguzi wao kutoka Tanzania, wakaonyesha kuwa kunguni wa nyumba zilizotumia vyandarua vyenye dawa hiyo walikuwa wamekuwa sugu.

Mwenye ng'ombe hahitaji kufundishwa jambo hili. Dawa ya dipu ikichanganywa hafifu, kupe dhaifu hufa, na wale wenye nguvu hubaki wakazaa. Baada ya miaka michache dipu huwa kama maji ya kuogea tu. Hivyo ndivyo ilivyo chumbani. Mtu hupuliza kidogo leo, kidogo wiki ijayo, na kila mara huchagua wazazi bora wa kunguni wa kesho. (Asije mtu akatupa chandarua kwa sababu ya maneno haya. Chandarua ni kwa ajili ya mbu na malaria, na malaria huua.)

Sababu ya pili ni jinsi nyumba zilivyo. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na mitaa mingine mingi ya Eastlands ilijengwa ili kumpa mfanyakazi mahali pa kulala tu. Leo chumba kimoja chaweza kuwa na baba, mama, watoto na mgeni kutoka kwetu, wakigawanywa na pazia. Ukuta ni mmoja kwa majirani wawili, nao una nyufa. Mpangaji wa chumba cha tatu akipuliza dawa, kunguni huhamia cha nne, na dawa ikiisha nguvu hurudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wala hakivunji kunguni.

Sababu ya tatu ni safari na vitu vya mkono wa pili. Kunguni hana mabawa. Sisi ndio tunaombeba. Huja ndani ya kochi lililonunuliwa kwa bei nafuu, ndani ya godoro la aliyehama, ndani ya sanduku la mwanafunzi wa bweni. Jike mmoja aliyekwisha pandwa atosha kuanzisha kabila zima. Aweza kutaga mayai 200 au zaidi katika maisha yake, na mayai huanguliwa kwa muda wa siku 10 hivi. Tena aweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo anayefunga chumba mwezi mmoja, akidhani atawaua kwa njaa, hujidanganya.

Sababu ya nne ni aibu. Mpangaji huogopa kuchekwa, huogopa na mwenye nyumba. Hunyamaza, huku akijikuna. Akija nyumbani hasemi lolote, na blanketi lake hulala juu ya kitanda cha nyanya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na zaidi ya mara moja mzazi amekuja dirishani akauliza: "Bwana karani, dawa ya kupe hutiwa kiasi gani kwa godoro?" Wengine hawaulizi. Hujaza dawa katika chupa ya soda na kumpa kijana aende nayo mjini pamoja na viazi.

Ndugu, godoro si ng'ombe. Ng'ombe huogeshwa nje, akakauka kwa upepo na jua. Mtoto hulala juu ya godoro saa nane, mdomo na pua vikiligusa, katika chumba chenye dirisha moja. Sumu ya shambani haikupimwa kwa matumizi hayo, na kipimo kilichoandikwa juu ya mkebe ni cha mnyama au mmea. Tena chupa ya soda haina maandishi ya hatari, na mtoto mwenye kiu hajui yaliyomo. Kunguni anaudhi, anawasha, ananyima watu usingizi. Lakini haijathibitika kwamba huambukiza binadamu ugonjwa kwa kuuma. Anayemfukuza kwa dawa ya kupe au ya viwavi amebadilisha mwasho kwa jeneza. Kadhalika mafuta ya taa: hayamalizi kunguni, bali huweza kuchoma ploti nzima.

Kwa maoni yangu, mambo haya yafanywe:

1. Asitume mtu dawa ya mifugo au ya mimea mjini, hata tone. Dawa ya nyumbani inunuliwe katika mkebe wake wenye nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB), ambayo ilitokana na sheria ya 1982, na maandishi yafuatwe neno kwa neno.

2. Moto wa maji ndio silaha ambayo kunguni hawezi kuizoea. Shuka, blanketi na nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya moto sana. Kitanda kifunguliwe, maji yanayochemka yamwagwe katika viungo na nyufa. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, maana kunguni hukimbilia upande wenye kivuli.

3. Nyufa za ukuta zizibwe, kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na kazi ya maji irudiwe baada ya wiki mbili, kwa ajili ya mayai yaliyosalia.

4. Ploti nzima ifanye kazi siku moja. Hapa nawaambia wenye nyumba, na baadhi yao ni wakulima wa skimu waliojenga mjini kwa fedha za maziwa: kupokea kodi na kukataa kuziba nyufa si haki. Gharama ya dawa ya vyumba vyote kwa pamoja ni ndogo kuliko hasara ya kila mpangaji kununua peke yake mwaka mzima.

5. Kijana akija nyumbani, mizigo ibaki nje kwanza, ifunguliwe juani, nguo zitiwe maji ya moto. Asionewe haya. Afanyiwe hivyo kila mgeni, na hapo hakuna atakayeona ametukanwa.

6. Mtu akiwa amekwisha kupata sumu, akatoka jasho na mate mengi, akalegea au akapumua kwa shida, atolewe kwenye hewa safi, nguo zilizolowa zivuliwe, apelekwe hospitali upesi pamoja na mkebe wa dawa. Asilazimishwe kutapika.

Liko pia jambo la kupendeza linalotuhusu sisi walimaji wa maharagwe. Katika nchi za Balkani, kule Ulaya, watu wa zamani walitandaza majani ya maharagwe sakafuni usiku ili kunasa kunguni, na asubuhi wakayachoma. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walionyesha jinsi inavyokuwa: jani lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, ambavyo humchoma kunguni miguu akanasa. Jani likinyauka nguvu zake huisha, kwa hiyo halitamaliza kazi peke yake. Lakini kama mwataka kumtumia kijana kitu kutoka shambani, mpeni majani ya maharagwe, si chupa ya dawa.

Kunguni hashindwi na mtu mmoja mwenye sumu kali. Hushindwa na watu wengi wenye maji ya moto, wasiofichana. Desemba haiko mbali. Tuzungumze na watoto wetu kabla hawajapanda gari.